Nani atalipa ukianguka? Leseni, bima ya safari na uanachama wa uokoaji kwa washindani wa baiskeli za milimani

Anayeshindana kushuka mlima kwa baiskeli akianguka vibaya huletewa bili tano, na zinakuja kwa zamu. Kwanza ya kumtoa mlimani: machela, gari la wagonjwa, pengine helikopta. Kisha ya hospitali. Akiwa ugenini ipo ya kumrudisha kwao, awe anatembea, awe kwenye machela iliyofungwa juu ya viti vya ndege, au awe maiti. Ya nne ni ya miezi ambayo hatafanya kazi, na uti wa mgongo ukiguswa miezi hiyo hugeuka maisha. Ya tano si ya mwili wake: ni ya mtazamaji aliyemgonga au mshindani mwenzake aliyemwangusha.

Ni nadra hati moja ya bima kuzilipa zote tano. Ndiyo maana hapa hatuulizi kampuni ipi ni nzuri. Tunauliza kila aina ya kinga inashika bili ipi, inaachia ipi, na inaachia kwa maneno gani.

Anza na aina ya shindano, bima baadaye

Daunihili, yaani mteremko unaopigwa saa, ndiyo aina inayoeleweka zaidi kwa watu wa bima. Njia ni moja, imezungushiwa utepe, waendeshaji huachiwa mmoja mmoja, na mbio nzima huisha ndani ya dakika chache. Kanuni za shirikisho la dunia, UCI, zinalazimisha helmeti inayofunika uso mzima. Zinataka pia kila mshindani awe ameshuka njia hiyo angalau mara 2 katika mazoezi rasmi. Asipofanya hivyo anaondolewa. Kuna siku ya kuikagua njia kwa miguu, kuna wasimamizi waliopangwa kwenye njia, na bendera nyekundu ikipepea unasimama papo hapo. Kwa upande wa madai huu ni utajiri: zipo saa rasmi, waamuzi, na karatasi inayoonyesha ulianguka wapi na lini.

Enduro ni mnyama mwingine. Hatua za kushuka hupigwa saa, lakini kati ya hatua na hatua unapanda mwenyewe, mara nyingine kwa barabara ya umma yenye malori. Siku moja inaweza kukumaliza saa sita hadi nane kwenye baiskeli. Hatari mbili zinatokana na umbo hilo. Ya kwanza ni umbali: mtu akianguka katikati ya msitu, anayemfikia mwanzo ni mshindani anayefuata, si daktari. Ya pili ni ya kimaandishi. Ukigongwa na pikipiki ukiwa unapanda kuelekea hatua ya tatu, je, ulikuwa "mashindanoni" au "safarini"? Kampuni ya bima ikitaka kukwepa, itachagua jibu linaloifaa. Uliza swali hilo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Halafu kuna frirayidi, ambako hakuna saa bali waamuzi wanaotoa alama kwa mstari uliochaguliwa na mizunguko ya hewani. Red Bull Rampage, iliyoanza mwaka 2001 kwenye majabali ya jangwa karibu na mji mdogo wa Virgin, Utah, ndiyo kilele chake. Washindani huitwa kwa mwaliko, na kila mmoja huja na wachimbaji wake wawili wa kumsaidia kujenga njia yake kwa sururu, maji na mifuko ya mchanga. Hilo lina maana kubwa kisheria: mruko ulioujenga kwa mkono wako ni vigumu kumlaumu mwingine kwa umbo lake. Mwaka 2015 Paul Basagoitia aliangukia hapo na kuvunja pingili ya T12 ya uti wa mgongo, akapooza kiasi. Mashabiki na wenzake walimchangia gharama za tiba. Ndipo mjadala wa nani awakatie bima waendeshaji hawa, wadhamini, mwandaaji au wao wenyewe, ulipotoka chumbani na kuja barazani.

Aina ya nne ndiyo iliyo karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki: mbio ndefu za milimani na za changarawe, kama 10to4 kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Migration Gravel Race ya Maasai Mara, au Cape Epic ya Afrika Kusini inayokimbiwa kwa siku 8. Mawakala wengi huziona nyepesi. Sivyo. Mteremko wa changarawe legelege hauna utepe wala matrasi kwenye miti, na mwendo wake ni mkubwa kuliko wa njia nyingi za daunihili zenye mawe na mizizi. Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani ya Kenya, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani.

Kinga ubavu kwa ubavu

| Kinga | Kutolewa mlimani | Hospitali | Kurudishwa kwao | Kipato na ulemavu | Uliyemgonga |
|---|---|---|---|---|---|
| Leseni ya shirikisho | mara chache | kidogo, au hakuna | mara chache | kidogo, au hakuna | ndiyo |
| Bima ya safari yenye nyongeza ya mashindano | ndiyo | ndiyo, hadi kikomo | ndiyo | kidogo | mara nyingi hapana ukiwa mbioni |
| Uanachama wa uokoaji | ndiyo | hapana | hutegemea mpango | hapana | hapana |
| Ajali binafsi inayokubali mbio | hapana | kidogo | hapana | ndiyo | hapana |
| Bima ya mwandaaji | gari la wagonjwa lililopo uwanjani | hapana | hapana | hapana | humkinga yeye kwanza |

Jedwali hili linaonyesha mwelekeo tu. Hati yako ndiyo yenye neno la mwisho. Tuanze na inayoeleweka vibaya kuliko zote.

*Leseni.* UCI inataka mwenye leseni awe na bima ya ajali na ya madhara anayowasababishia wengine. Watu husikia hivyo wakadhani leseni ndiyo bima. Katika mashirikisho mengi kinachokuja ndani ya leseni ni ile ya mtu wa tatu: ukimvunja mtu mguu, inamlipa yeye. Mguu wako ni juu yako. Uanachama wa British Cycling, shirikisho la Uingereza, kwa mfano, umejengwa juu ya kinga hiyo ya mtu wa tatu. Ufaransa, sheria ya michezo inalilazimu shirikisho kumjulisha mwenye leseni faida ya kujikatia bima ya mwili wake; ukijaza fomu haraka na kukiacha kisanduku hicho, umebaki na ile ya wengine tu. USA Cycling hutoa kinga ya tiba kwa ajali za mbio zilizosajiliwa nayo, ila ni ya ziada: bima yako ya afya hulipa kwanza, na hii huja kuokota kilichobaki.

Usidharau bili ya tano lakini. Mwaka 2014 mtazamaji alifariki baada ya kugongwa na mshindani aliyetoka nje ya njia katika mbio za daunihili huko Llangollen, Wales. British Cycling na waliohusika na uandaaji walifikishwa mahakamani mwaka 2018, wakaachiwa. Kesi ilichukua miaka minne kufika mwisho, na mawakili hawafanyi kazi kwa ahsante.

*Bima ya safari.* Hii ndiyo inayobeba mzigo mzito kwa anayevuka mipaka: tiba, uokoaji na kurudishwa nyumbani. Kampuni hupanga michezo kwa ngazi. Baiskeli ya milimani ya kawaida huwa ngazi ya chini bila nyongeza ya bei. Daunihili na bustani za baiskeli zenye lifti huwa juu zaidi. Mashindano huwa ngazi ya pekee au hayamo kabisa. Kuruka ngazi hakusamehewi. Ukilipia "baiskeli ya milimani" kisha ukavunjika kwenye mbio, umelipia kitu kingine.

Anayekwenda Ulaya kwa viza ya Schengen hulazimika kuonyesha bima ya tiba isiyopungua yuro 30,000, ikiwa na kurudishwa nyumbani ndani yake. Wengi hununua ya bei ya chini kabisa ili viza itoke. Kwa mbio za milimani hiyo ni danganya toto. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya mtalii anayeteleza kwenye ngazi za hoteli, na hati nyingi za aina hiyo zinatenga michezo ya hatari kwa sentensi moja ukurasa wa mwisho.

*Uanachama wa uokoaji.* AMREF Flying Doctors, wenye makao Uwanja wa Wilson, Nairobi, huuza uanachama wa mwaka uitwao Maisha: ukiumia ndani ya eneo lao, ndege inakuchukua na kukupeleka hospitali. Ni kinga nzuri kuliko bei yake, mradi uelewe mipaka. Bili ya hospitali haimo. Ndege huhitaji uwanja wa kutua, na viwanja vingi vya porini havina taa, kwa hiyo ajali ya saa kumi na moja jioni inaweza kusubiri alfajiri. Nani atakutoa bondeni hadi uwanjani? Hilo ni la mwandaaji, na muulize ana gari gani. Uswisi wana Rega, shirika la uokoaji wa angani, ambayo kwa mfadhili wake wa mwaka huweza kusamehe gharama ya helikopta. Neno "huweza" ni la makusudi: Rega wenyewe wanaeleza kuwa si bima, na bima ikiwepo inalipa kwanza.

*Ajali binafsi.* Hii hulipa kiasi kimoja kwa kifo au ulemavu wa kudumu kulingana na jedwali la viungo, pengine na posho ya kila wiki ukiwa kitandani. Ndiyo pekee inayogusa bili ya nne kwa uzito, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Lakini hati nyingi za kawaida zina kifungu cha kale kinachotenga mbio za aina yoyote isipokuwa za miguu. Lazima kifutwe kwa nyongeza iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Ahadi ya dalali kwa simu haifuti kitu.

Mwendeshaji aliyeajiriwa na timu ana mlango mwingine. Kenya, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, WIBA, inamdai mwajiri fidia inayofika mishahara ya miezi 96 kwa kifo au ulemavu wa kudumu. Tanzania mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unashughulikia wafanyakazi walioajiriwa. Timu inayokuita "balozi" na kukupa jezi na posho bila mkataba wa ajira inaufunga mlango huo, kwa kujua au kwa kutojua.

*Bima ya mwandaaji* tuipitie upesi: inamkinga mwandaaji asifilisike ukimshtaki. Tangazo likisema "mashindano yana bima", uliza bima ya nani.

Maneno yanayoua dai

Hapa ndipo hati mbili zenye bei sawa hutofautiana kama usiku na mchana. Fungua sehemu ya yasiyolipwa na utafute maneno haya kabla ya kusoma chochote kingine.

"Mbio au majaribio ya mwendo". Hii inaweza kumeza siku tatu za mazoezi hata kama umeongezewa siku ya shindano. Mazoezi rasmi ya daunihili hufanyika kwa mwendo wa mbio, kwenye njia ileile, na wakati huo bado hujazijua kona. Nyongeza iseme wazi: mazoezi rasmi, mchujo na fainali, tarehe fulani hadi fulani.

"Mtaalamu" au "anayelipwa". Baadhi ya hati humhesabu mtaalamu yeyote anayepokea zawadi ya fedha. Bahasha ya nafasi ya tatu, hata iwe ndogo kiasi gani, inaweza kutosha. Udhamini wa tairi na mnyororo nao waweza kuhesabiwa. Tangaza vyote mwanzoni. Kuficha ndiko kunakobatilisha hati nzima.

"Miruko", "bustani ya baiskeli", "nje ya njia zilizowekwa alama". Kwa mwendeshaji wa frirayidi sentensi kama hizi hufuta mchezo mzima.

"Vifaa vya kinga vinavyotakiwa". Ukikutwa unapanda kati ya hatua na hatua za enduro ukiwa umening'iniza helmeti kwenye usukani kwa sababu ya joto, umeipa kampuni sababu.

"Baiskeli yenye mota". Kuna hati zinazoiweka baiskeli ya umeme pamoja na pikipiki. Mashindano ya enduro ya umeme yapo, kwa hiyo isome mara mbili.

Kisha tazama kiasi unachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza, na kama ni kwa kila ajali au kwa mwaka. Tazama kama hati inataka inunuliwe kabla hujatoka nchini kwako. Tazama pia baiskeli: uharibifu wake mbioni kwa kawaida haulipwi, hata pale ambapo wizi wa kwenye ndege unalipwa. Fremu ikipasuka kwenye kutua, hiyo ni yako na fundi wako.

Nchi unayoangukia

Mfupa uleule ukivunjika katika nchi nne huleta bili nne tofauti.

Nyuzilandi ndiko kwema kuliko kote. Tangu 1974 wana mfumo wa ACC unaolipia tiba ya ajali bila kuuliza kosa ni la nani, na wageni wamo. Anayevunja mtulinga kwenye Crankworx Rotorua, tamasha la baiskeli za milimani, hutibiwa chini yake. Mkazi anayefanya kazi hupata hata asilimia 80 ya kipato cha wiki. Mgeni hapati kipato alichopoteza kwao, wala tiketi ya kurudi, na kwa kubadilishana na mfumo huo haki ya kumshtaki mtu kwa jeraha imeondolewa karibu yote. Kwa hiyo huko bima ya safari waweza kuipunguza upande wa tiba, si upande wa kurudishwa.

Uswisi wana mtego usiotarajiwa. Mwajiriwa anayefanya kazi angalau saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja ana bima ya lazima hata kwa ajali za nje ya kazi. Lakini Suva, shirika kubwa la bima hiyo, limeweka mbio za daunihili, pamoja na mazoezi kwenye njia ya mbio, katika orodha ya hatari zilizopita kiasi. Tiba inalipwa, malipo ya fedha, yaani posho ya kila siku na pensheni ya ulemavu, hukatwa nusu. Anayelipa kodi ya nyumba Zürich na kushindana wikiendi aijaze nusu hiyo kwa bima ya pembeni.

Marekani, sheria ya EMTALA ya 1986 inailazimu hospitali kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali uwezo wake. Bili inafuata baadaye. Tangu 2022 kuna sheria inayozuia helikopta za uokoaji kumtoza mwenye bima ya afya ya kule bei ya ziada ya kushtukiza. Magari ya wagonjwa ya barabarani hayamo, wala mgeni mwenye bima ya safari hafaidiki nayo. Kwa Utah au Vermont, kikomo cha tiba cha yuro 30,000 ni cha kuchekesha. Tafuta hati yenye kikomo cha dola milioni 1 na kuendelea.

Uingereza vikosi vya uokoaji mlimani ni vya kujitolea na havitozi. Chumba cha dharura ni bure, kulazwa kwa asiye mkazi kunalipiwa. Tofauti nyingine iko kwenye ile karatasi ya kusaini unapochukua namba. Uingereza, tangu sheria ya 1977, mwandaaji wa kibiashara hawezi kujivua dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. British Columbia ya Kanada, nyumbani kwa bustani ya baiskeli ya Whistler, mahakama huziheshimu karatasi hizo. Sahihi ileile ni karibu karatasi tupu upande mmoja, na kufuli upande wa pili.

Helmeti: lebo mbili zisizolingana

Geuza helmeti usome kibandiko cha ndani. EN 1078 ni kipimo cha Ulaya cha baiskeli za kila siku: huangushwa juu ya bamba bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde. ASTM F1952 ni cha daunihili: mita 6.2 kwa sekunde, na sehemu ya kidevu hupigwa kwa uzito wa kilo 5 na haitakiwi kubonyea zaidi ya milimita 60. EN 1078 haikipimi kidevu kabisa. Maana yake, helmeti ya kufunika uso yenye lebo ya EN 1078 peke yake ina kidevu ambacho kipimo hicho hakikukigusa. Kwa daunihili na frirayidi chagua F1952 bila mjadala. Kwa mbio ndefu za changarawe helmeti nyepesi ya EN 1078 inatosha, kwa sababu nzito utaivua juani.

Povu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea mara moja. Limeshabonyea, hata kama ganda la nje linang'aa, helmeti imekwisha. Tafuta nyufa kwa kulikunja ganda taratibu na kusikiliza mlio. Nunua yenye sponji za mashavuni zinazovutwa nje zikiwa na ukanda, ili madaktari waweze kuivua bila kuipinda shingo.

Kinga ya mgongo husomwa kwa kipimo kingine cha Ulaya, EN 1621-2. Ngazi ya 1 hupitisha nguvu ya pigo ya wastani usiozidi kilonyutoni 18, ngazi ya 2 usiozidi 9. Chukua ya 2. Lakini ujue inazuia nini: pigo la moja kwa moja, jiwe au kisiki. Pingili hupasuka pia kwa mgandamizo, mtu akitua wima au kwa makalio, na hapo bamba la mgongoni halisaidii sana. Magoti na viwiko vina EN 1621-1, nayo ina ngazi ya 1 na ya 2; inayoteremka ukitembea hatua ishirini itateremka na ukianguka.

Siku ya kuanguka

Kichwa kikigongwa, siku hiyo imekwisha. Kuchanganyikiwa, kutapika, kuumwa kichwa kunakozidi, kuuliza swali moja mara tatu: yeyote kati ya hayo ni hospitali. Wasimamizi wasio madaktari wana karatasi fupi ya kutambua mtikisiko wa ubongo, CRT6. Daktari hutumia iliyo ndefu zaidi, SCAT6. Kurudi mchezoni ni kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, na dalili zikirudi unashuka hatua moja. Anayeshuka tena mchana uleule anahatarisha ubongo, na anaipa kampuni ya bima hoja kwamba jeraha la pili lilikuwa la kujitakia.

Upande wa karatasi, namba ya simu ya dharura ya kampuni ya bima iandikwe nyuma ya namba ya kifuani na iwekwe kwenye simu ya mwenzako. Hati nyingi zinataka wapigiwe kabla ya kulazwa au kabla ya upasuaji usio wa kuokoa maisha. Wasipojua, wanaweza kulipa pungufu. Omba ripoti ya tukio yenye saa, namba ya kituo na jina la msimamizi kabla mahema hayajang'olewa Jumapili jioni, kwa sababu Jumatatu hakuna mtu. Helmeti iliyopasuka usiitupe, wala video ya kifuani usiifute. Stakabadhi zote zipigwe picha siku hiyohiyo.

Nani achague nini

Mkazi wa Nairobi, Arusha au Moshi anayeshiriki mbio ndefu za nyumbani mara tatu au nne kwa mwaka: uanachama wa uokoaji kwanza, bima ya afya inayokubali ajali za michezo, kisha ajali binafsi iliyofutiwa kifungu cha mbio. Bima ya safari haimhusu mpaka avuke mpaka, na akivuka kwenda Cape Epic anainunua ikiwa na siku zote 8 pamoja na siku za kuwasili.

Anayekwenda Ulaya kwa daunihili au enduro: leseni ya shirikisho kwa ajili ya mtu wa tatu, bima ya safari inayotaja mbio kwa jina la mchezo na tarehe, na ajali binafsi. Ile ya viza aitoe ubalozini tu. Akibanwa na fedha, apunguze kinga ya mizigo na ya kuchelewa kwa ndege, asiguse tiba na kurudishwa.

Mkazi wa Ulaya anayemiliki kadi ya afya ya umma asiitegemee mlimani. Inafungua mlango wa hospitali za serikali za nchi nyingine, lakini uokoaji wa mlimani na kurudishwa nyumbani havimo. Kiungo kidogo cha kuongeza hapo ni bima ya uokoaji ya chama cha wapanda milima, ikiwa inakubali mbio.

Na aliyealikwa kwenye frirayidi: kabla ya kukubali, aombe kwa barua pepe jina la kampuni, kikomo cha tiba, kikomo cha ulemavu na namba ya hati ambayo mwandaaji au mdhamini amemkatia. Wakijibu kwa maelezo ya jumla, achukulie hakuna, na akadirie ada yake ya kushiriki akitoa kwanza gharama ya kujikatia mwenyewe kupitia dalali anayeshughulika na wanamichezo wa hatari. Mazungumzo hayo yachukue miezi, si wiki. Kampuni inayokubali mizunguko ya nyuma juu ya jabali itataka video, historia ya majeraha na barua ya daktari kabla ya kutaja bei.